Mkasi, Wembe na Mbwembwe za Dukani: Shangazi Anajibu

Mwezi huu barua karibu zote ni za vifaa. Tangu tuzungumzie mablanketi ya viraka, yale ya kuunga mabaki ya vitenge na kuyashona tabaka tatu (uso, ujazo wa katikati na kitambaa cha chini), wasomaji wananitumia picha za vidude walivyoviona kwenye simu na kuuliza: ninunue, nisinunue? Nawajibu kwa maneno yale yale ninayowaambia mabinti wanaojifunza kibarazani kwangu hapa Isevya, Tabora. Nashonea cherehani ya Butterfly ya kukanyaga, na pasi yangu ni ya mkaa. Mkinisoma mlikumbuke hilo, maana mwenye umeme wa uhakika na meza kubwa anaweza kuwa na majibu mengine.

Shangazi, shikamoo. Dada yangu yuko Dar es Salaam, ananiambia bila kisu cha gurudumu sitafika popote na viraka. Anataka nimtumie hela aninunulie kisu, mkeka wake wa kukatia na rula. Mimi nina mkasi wa inchi 10 basi. Nitume? — Binti wa Nzega

Marahaba mwanangu. Tuma, ila kwanza muulize dada: nyembe za akiba zitatoka wapi?

Kisu cha gurudumu si mbwembwe. Kampuni ya OLFA ya Japani ndiyo iliyokitoa mwaka 1979. Kabla ya hapo kila kipande kilichorwa kuzunguka kigezo (umbo gumu la kufuatisha), kikakatwa kwa mkasi, kimoja kimoja. Kisu hiki kina wembe wa duara. Unauviringisha kando ya rula, na tabaka nne za kitenge zinakatika kwa mara moja huku kitambaa kimelala mezani. Hapo ndipo kinapoushinda mkasi: mkasi lazima uinue kitambaa ili taya la chini lipite, na kitambaa kikiinuka kinasogea. Visu hivi vipo vya milimita 28, 45 na 60. Anza na 45.

Sasa taabu zake. Kisu hakifanyi kazi peke yake. Bila mkeka, wembe unakufa siku hiyo hiyo juu ya mbao, na meza nayo unaiharibu. Mkeka wenyewe hauvumilii joto. Uache kwenye jua la Oktoba, au utue pasi juu yake, utajipinda na hautanyooka tena. Mwambie dada asiukunje akiuweka kwenye basi, usafiri umelala bapa. Na wembe ukianza kuruka nyuzi, yaani kitambaa kinakatika lakini huku na huku kimeshikana, umeisha. Wale wanoaji wetu wa baiskeli hawauwezi, ni mwembamba mno kwa jiwe lao. Kwa hiyo kisu kimoja, nyembe tano za saizi ile ile. Akikosa nyembe, kisu nacho akiache dukani.

Rula usimtume. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, wana vipande wanavyovitupa. Omba kilichonyooka, urefu kama futi mbili, kisha gundisha chini yake vipande vitatu vidogo vya msasa ili kisiteleze. Kina kasoro mbili: huoni kitambaa kilicho chini yake, na wembe ukikigonga unapata pengo. Rula nene ya plastiki angavu ni bora kuliko hicho, siwezi kusema uongo. Lakini rula ya shule usijaribu! Wembe unaipanda, unaikata, halafu zamu ya kidole. Kata ukisukuma kisu kwenda mbele, kisielekee tumboni kwako, na ukikitua tu, funga kinga yake. Tafadhali, hasa kama kuna watoto wanaotambaa.

Mkasi wako wa inchi 10 usiuuze. Mviringo na pembe za ndani utazikata kwa huo. Ila mkasi wa meno, ule unaoacha ukingo wa zigizaga, dada akikushawishi mkatalie: kwenye viraka ukingo unafichwa ndani, na ukishakuwa butu, mnoaji wa baiskeli atayamaliza meno yote.

Shangazi, nakata miraba yangu vizuri kabisa, lakini nikiunga safu na safu pembe hazikutani. Fundi mmoja kaniambia ninunue mguu maalumu wa cherehani, wa robo inchi. Kweli ndio dawa? — Mama wawili, Urambo

Mama, kosa haliko kwenye kukata. Tupige hesabu.

Kila ukingo wa kiraka unaachiwa robo inchi ya mshono. Mraba unaotaka usomeke inchi 4 baada ya kushonwa unakatwa inchi 4½. Safu yenye miraba 12 ina mishono 11 ya kuunga. Sasa mshono wako ukinenepa kwa 1/16 ya inchi tu, mshono mmoja unakula pande mbili, ni 1/8. Mara 11 ni inchi 1 na 3/8. Safu ya jirani umeishona kesho yake, mkono umetulia, haikuliwa hivyo. Zitakutana wapi?

Mguu wa cherehani ni kile kibanio kinachoshika kitambaa chini ya sindano, na huo wa robo inchi unafanya kazi. Sisemi ni wa ovyo. Ila hauhitajiki, na ukiununua bila kujua aina ya shingo ya cherehani yako, pale mguu unapofungwa, unaweza kubaki nao kabatini. Mimi nafanya hivi: nachora mstari kwenye karatasi ngumu, robo inchi kamili toka ukingoni (wenye rula ya sentimita, ni milimita 6 na kidogo). Nashusha sindano kwa mkono mpaka itue juu ya mstari, nashusha mguu, naweka karatasi inyooke. Kwenye ukingo wake nabandika kadi ya benki iliyokwisha muda kwa plasta, iwe ukuta. Naondoa karatasi, nashona kitambaa kikisugua ukuta. Umemaliza.

Usipime kwa futi ya fundi iliyochakaa. Zile za kitambaa huvutika, na zako mbili huenda hazilingani. Kisha jaribu: unga vipande vitatu, kila kimoja upana wa inchi 1½. Cha katikati kikisoma inchi 1 sawasawa, endelea. Kisiposoma, sogeza kadi.

Na pasi. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine, na mishono ya safu ya kwanza uilalishe kulia, ya pili kushoto, ili pembe zikikutana zikaliane bila kinundu. Bandika, inua, bandika. Ukiburuza pasi unavuta kitambaa, na ile robo inchi yetu yote imeharibika. Wapo wanaouza vipasi vidogo vyenye mpini mrefu, ati vya kupigia mishono ya viraka. Nimekitumia cha mwanafunzi wangu mmoja: chepesi, kinapoa haraka, na kinataka umeme. Pasi ya mkaa ya jogoo, kwa uzito wake, inalaza mshono mara moja. Ipepee nje majivu yatoke, futa tako lake kwa kitambaa kibichi, kisha ijaribu kwenye tambara. Kitenge kikinata kwenye pasi, hicho si pamba. Choma uzi wake mmoja: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa kidonge. Usivichanganye kwenye blanketi moja.

Nimeona cherehani ndogo ya kushika mkononi, inatumia betri. Itanifaa kwa viraka nikiwa safarini? — Kijana fundi, Ng'ambo

Usinunue. Inashona kwa uzi mmoja tu, mshono wa mnyororo. Vuta ncha yake ya mwisho, mshono wote unafumuka mpaka mwanzo kama mdomo wa gunia la mahindi. Tabaka tatu haziingii hata chini ya mguu wake. Safarini beba sindano ya mkono.

Mwanangu Shangazi, hujambo? Mimi bibi yako wa Sikonge. Mikono ingali na nguvu, macho ndiyo yameniacha, tundu la sindano silioni. Mjukuu kaniletea kidude cha waya cha kutungia uzi, kikakatika. Akaleta sindano zenye tundu lililopasuka juu, uzi unaingia kwa kubonyeza, lakini zinanikatia uzi. Nifanyeje?

Shikamoo bibi. Sijambo, namshukuru Mungu.

Hizo sindano za kubonyeza zirudishe kwa mjukuu. Ule mpasuko ndio unaoukwaruza uzi kila ukivuta, na wakati mwingine uzi huchomoka ulikoingilia. Kwa kushona kifungo zinatosha. Kwa kushona blanketi zima tabaka tatu, hapana. Kidude cha waya si kibaya, ila waya wake ni mwembamba na umegundishwa tu, haupendi uzi mnene. Kinafaa kwa sindano ya cherehani na uzi wa kawaida.

Bibi, fanya hivi. Asubuhi mjukuu kabla hajaenda shule akutungie sindano kumi, zote kwenye uzi mmoja ungali kwenye kibiringo chake. Ukihitaji moja, zisukume tisa nyuma, vuta uzi wa urefu wa mkono mpaka kiwiko, kata. Inayofuata iko tayari. Akisahau, kata uzi mshazari, weka karatasi nyeupe nyuma ya sindano, na ulowanishe tundu la sindano badala ya uzi; uzi mkavu hauvimbi.

Halafu nta. Huko Sikonge mko kwenye asali, nta ya nyuki hamhangaiki kuitafuta. Chukua donge lililochujwa, pitisha uzi juu yake mara mbili, kisha ubane uzi kati ya karatasi mbili upige pasi, nta iingie ndani isibaki juu ikachafua kitambaa. Uzi wenye nta hausokoteki wala haufungi mafundo. Zipo nta za dukani kwenye vikopo vya plastiki vyenye mifereji, zimetoka mbali na bei yake imetoka nazo. Na kwa kidole chako cha kati, mwombe fundi viatu akukatie subana ya ngozi laini. Ile ya chuma huteleza kidole kikitoka jasho, mimi nimeshaigawa.

Shangazi, mimi niko Mwanga, Kigoma. Vitenge vyangu vingi vinatoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, rangi nzito nzito. Nimenunua kalamu ya kuchorea ambayo ukipiga pasi wino unapotea. Ni nzuri? Na ile ya bluu inayotoka kwa maji?

Zina tabia zinazopingana, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ya pasi wino wake hupotea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Haukutoka, umejificha tu: kitambaa kikiingia kwenye friza mistari inarudi. Huko ziwani baridi hiyo hamna, lakini kwenye kitenge cheusi au cha bluu iliyokolea kalamu hii huacha alama ya weupe, na hiyo haijifichi. Ya bluu ndiyo kinyume: ioshe kwa maji baridi kwanza, kwa sababu ukitanguliza pasi joto linaigandisha humo humo. Ukiwa na zote mbili kwenye kikapu kimoja, siku utakayochoka utazichanganya.

Mimi sina kalamu. Kitenge cheusi nakichora kwa kipande cha sabuni nyeupe kilichobaki bafuni, nakikausha, nakichonga ukingo kwa kisu mpaka kikate mstari mwembamba. Kikifuliwa, kimekwisha. Huko kwenu sabuni ya mawese si shida, lakini ijaribu kwanza kwenye mabaki isije ikaacha doa la mafuta. Kitenge cheupe, chaki ya fundi ya bluu, mkono mwepesi. Kalamu ya wino wa kawaida hata usiisogeze.

Na kwa vigezo, acha boksi la katoni. Pembe zake zinalika, mraba wa hamsini si mraba wa kwanza. Tafuta picha ya eksirei ya zamani iliyomo nyumbani, ya mtu aliyekwisha pona. Inakatika kwa mkasi, haichakai pembe, na unaona ua la kitenge kupitia kwake ukitaka likae katikati ya kiraka. Sijaona cha dukani kinachoishinda.

Vitenge vipya vifue kabla ya kuvikata. Nyekundu ya moja itaingia kwenye njano ya mwenzake, na hapo hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Nikishona tabaka tatu, ya juu inakimbia, mwishoni napata mikunjo. Kuna mguu wa cherehani unaotembea, na kuna gundi ya kupuliza. Kipi? Nimejaza pamba yetu ya huku Igunga. — Mwanakikundi, Igunga

Mguu. Gundi ya kopo inashika, kweli, lakini makopo yake hulipuka moto kirahisi na kwetu jiko la mkaa haliko mbali. Vumbi la Tabora linaganda juu yake, sindano inanata, uzi unakatika. Na kopo likiisha, unaanza kutafuta lingine.

Tabaka ya juu inakimbia kwa sababu meno ya cherehani yako chini. Yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinasukumwa na mguu. Mguu unaotembea una meno yake, na mkono unaokaa juu ya skrubu ya kubania sindano, hivyo kila sindano ikipanda na kushuka, meno ya juu yanapiga hatua pamoja na ya chini. Butterfly za nyumbani zinatumia miguu ya shingo fupi. Peleka mguu wako wa zamani dukani, ulinganishe. Unapiga kelele, na unataka ukanyage polepole. Kati ya vifaa vyote vya cherehani nilivyoonyeshwa, huu ndio ninaoukubali kwa moyo mmoja, ilimradi unashona mistari minyoofu. Kwa maua na mizunguko hausaidii, ule unakwenda mbele tu. Kwa kuwa mko kikundi, nunueni mmoja mzungukiane.

Kabla mguu haujafika, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka. Anza katikati kwenda nje, mistari iachane kiganja kimoja, uzi wa rangi usiofanana na kitambaa ili uuone ukiutoa. Legeza skrubu ya juu ya nguzo ya mguu, ongeza urefu wa mshono, weka sindano namba 90/14, mpya. Hapo nasisitiza: watu wanalia na cherehani kumbe sindano imeisha. Baada ya saa nane hivi za kushona, badilisha. Na ununue ya shingo bapa, zile za mviringo ni za mashine za kiwandani.

Pamba ghafi ni joto zuri kwa baridi ya Juni na Julai, ila ukifua inakusanyika pembeni ikawa madonge. Mistari yako isiachane zaidi ya inchi 2. Ukiona kazi nyingi, weka blanketi jembamba kuukuu lililofuliwa hadi likakoma kurudi.

Shangazi, mke wangu anashona viraka. Nataka kumfurahisha, nisimuulize. Nimnunulie nini? Nisinunue mbwembwe. — Baba wa Kaliua

Umefanya vizuri kuuliza. Usinunue seti ya vipande themanini ndani ya sanduku la plastiki. Ndani yake mna mkasi usiokata, nyuzi zinazokatika ukizivuta kwa mkono, na bobini ambazo huenda haziingii kwenye cherehani yake. Ukitaka bobini, chukua moja ya kwake kimyakimya uende nayo dukani.

Nunua kifumulio, kile kidogo chenye pembe mbili, moja fupi yenye kitone chekundu. Ni bei ndogo, na ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote mezani kwangu. Wengi wetu tunafumua kwa wembe, na kila fundi ana kovu. Akikitumia, kile kitone kiende chini, upande wa kitambaa, kiteleze ndani ya mshono. Ncha kali ibaki juu. Wengi wanakishika kinyume wakatoboa kitenge.

Kisha pini ndefu zenye vichwa vya kioo, si vya plastiki, vya plastiki huyeyuka chini ya pasi. Na kwa kukusanya hizo pini, nenda kwa fundi redio ukamwombe sumaku ya spika iliyokufa. Ifunge kwa kitambaa, iwe nzito mezani. Pini zikimwagika sakafuni anaipitisha tu juu yake, watoto hawachomwi miguu. Ikiwa cherehani yake ni ya kompyuta, asiiweke karibu kabla ya kusoma kitabu chake. Ya kukanyaga haina la kudhurika.

Hela ikibaki, pakiti mbili za sindano 90/14 na kibiringo kikubwa cha uzi wa poliesta, rangi ya kijivu. Kijivu kinaingia kwenye kila kitenge. Uzi wa nailoni usioonekana mwache muuzaji abaki nao: unayeyuka kwa pasi, na usipoyeyuka unakata kitambaa.